Chura wa Kihansi: maji yalihamishwa kwanza, maswali yakaja baadaye

Watu wengi wa Dar hawajui kwamba pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna chumba wanalelewa vyura ambao nyumbani kwao walishatoweka. Sio hawa vyura wa mitaroni wanaopiga kelele masika ikianza, hapana, hawa ni wadogo sana, wa njano, jike akikua mpaka mwisho hafiki hata sm 3 na dume ni mdogo zaidi, na duniani kote kwao ni sehemu moja tu, korongo la mto Kihansi kule Udzungwa. Kisa hiki nimekifuatilia muda mrefu, na kila nikisikia mtu anakifupisha kwamba "wazungu walitaka chura sisi tukataka umeme" inaniuma, mana hakikuwa hivyo, na tukikielewa hivyo tutarudia mambo yaleyale kwenye mto mwingine. Kwa hiyo naomba nikiweke chote hapa, kirefu.

Tuanze na mahali penyewe. Kihansi inatokea nyanda za juu upande wa Iringa, inashuka ukingo wa Udzungwa mpaka bonde la Kilombero, Kilombero nayo inaingia Rufiji. Udzungwa ndo kipande kikubwa kuliko vyote vya Milima ya Tao la Mashariki, ile safu inayoanzia Taita kule Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru, Uluguru na kuendelea kusini. Misitu yake ni ya zamani mno, inaishi kwa unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, na kwa kuwa kila mlima umejitenga na mwenzie, viumbe vyake navyo vimejitenga, unakuta mjusi au ua liko mlima huu tu na mlima wa jirani halipo. Na sisi wa Dar tusijione tuko mbali na habari hizi, maji ya Ruvu yanayotufikia bombani yanaanzia Uluguru, mlima wa ukoo huohuo.

Sasa pale Kihansi mto ulikuwa unaporomoka zaidi ya mita 800 ndani ya kilomita chache tu. Maji yakipiga mwamba yanarusha manyunyu, na manyunyu hayo hayakuwa ya msimu, yalikuwa mchana na usiku, masika na kiangazi, mwaka hadi mwaka kwa muda ambao akili ya binadamu haiwezi kuushika. Pembeni ya maporomoko kukatokea vipande vya ardhi oevu vilivyofunikwa na majani mafupi laini, vinalowa muda wote, joto lake halipandi wala halishuki sana. Jumla ya vipande hivyo ni kama hekta 2, yaani havifiki viwanja vitatu vya mpira. Hapo ndo chura huyu aliishi, kwa maelfu, na hapo tu. Hata kuzaa kwake ni tofauti na vyura wengi, hatagi mayai kwenye maji yakawa viluwiluwi kama vyura tuliofundishwa shuleni, anazaa vitoto vilivyokamilika vyenye miguu yote, kila kimoja kama mm 5. Ukifikiria yale maji yanavyoshuka kwa fujo unaona kabisa kwa nini yai lisingekaa pale. Korongo hilohilo limetoa na kahawa ya porini ambayo wanasayansi wameipa jina Coffea kihansiensis, sasa hebu jiulize kulikuwa na vingapi ambavyo hakuna aliyewahi kuviona.

Na hii naomba uiwekee alama, korongo hili liko nje ya Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa. Hifadhi ilitangazwa 1992, ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 1,990, na kwenye ramani mtu anaweza kuridhika kwamba Udzungwa imelindwa, kumbe kiumbe aliyekuwa hatarini kuliko wote yuko upande mwingine wa mlima, kwenye hekta 2 ambazo mpaka haukuzigusa.

Upande wa umeme nao lazima usemwe kwa haki, mana waliojenga ule mtambo hawakuwa wabaya. Waliokuwa watu wazima miaka ya 90 wanaukumbuka mgao. Mvua ikikosekana bwawa la Mtera linashuka, viwanda vinasimama, hospitali zinahangaika, mtaa mzima uko gizani na kibatari, saluni na mashine za kusaga zimefungwa. Nchi ilitegemea maji kwa umeme wake na maji hayakutosha. Ndani ya hali hiyo mtu anakuletea mto wenye maji ya uhakika mwaka mzima na poromoko refu kiasi kile, hauhitaji bwawa kubwa la kuzamisha vijiji, ukuta mdogo tu juu, maji yanaingia kwenye handaki, yanashuka ndani ya mlima mpaka kwenye turbaini zilizo chini ya ardhi, yanazalisha megawati 180 halafu yanarudi mtoni kule chini. Kwa injinia hiyo ni ndoto. Ulipowashwa, Kihansi ulikuwa wa pili kwa ukubwa baada ya Kidatu yenye 204, na ukijumlisha mitambo yote mikubwa ya maji tuliyokuwa nayo, kwa maana ya Kidatu, Kihansi, Mtera, Pangani, Hale na Nyumba ya Mungu, unapata megawati 561, kwa hiyo Kihansi peke yake ni karibu theluthi. Taa zetu hapa mjini ziliwaka kwa mto ule na mimi siwezi kujifanya sikufaidika.

Lakini angalia hiyo sentensi ya kwamba maji yanaingia kwenye handaki na kurudi mtoni kule chini. Kati ya pale yanapoingia na pale yanapotokea ndipo lilipo korongo. Mradi haukukausha mto wala haukuzamisha msitu, ulichofanya ni kuuvusha mto usipite nyumbani kwa chura. Karibu asilimia 90 ya maji ikaacha kupita korongoni, na manyunyu yakafa.

Sasa hapa ndo moyo wa kisa ulipo. Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 90 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine wa Ulaya, na tathmini ya mazingira ya mwanzo haikuingia korongoni ipasavyo, panapitika kwa shida, ni mwinuko na utelezi. Uchunguzi wa kina wa viumbe ulikuja ujenzi ukiwa tayari unaendelea, na mwaka 1996 ndo chura akaonekana kwa mara ya kwanza na watu wa sayansi. Jina lake la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, likatolewa mwaka 1999 na John Poynton, Kim Howell wa hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Barry Clarke na Jon Lovett. Mwaka uliofuata mtambo ukawa unafanya kazi. Yaani mtoto kasajiliwa jina huku nyumba inabomolewa.

Watu wanaposema ilibidi kuchagua chura au umeme nawaambia hapana, muda wa kuchagua ulishapita kabla chura hajajulikana. Kama wale watafiti wangepelekwa korongoni miaka mitano kabla, kwenye karatasi bado kungekuwa na mambo mengi ya kufanya, ungepangwa mgawanyo mwingine wa maji, ungejengwa mfumo wa manyunyu kabla ya kuzima mto, vyura wangeanza kufugwa kwa utaratibu na sio kwa haraka. Handaki likishachimbwa na mkopo ukishaanza kudaiwa, kila lita unayoiachia chura ina bei, na unabishana na hazina ya nchi. Sheria yenyewe haikuwepo, NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, ilikuwepo tangu miaka ya 80 lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inayolazimisha tathmini ifanyike kabla ya mradi ilikuja 2004. Kihansi imepita kwenye pengo hilo.

Baada ya hapo kazi ya uokoaji ilifanyika, na ilifanyika kwa nguvu kweli. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walikusanywa wakasafirishwa Marekani, Bronx Zoo, New York, kama akiba. Korongoni kwenyewe yakalazwa mabomba yanayoshusha maji kwa mteremko, yanaishia kwenye sprinkla zenye matundu madogo sana zikarusha manyunyu ya bandia juu ya ile ardhi oevu. Ukisikia hivyo unaona kama mchezo wa bustanini, lakini fikiria kupandisha mabomba kwenye mwamba ule, halafu maji ya mto yana mchanga na tope, matundu yanaziba, mtu anapanda kuzibua, kesho yameziba tena. Mimea nayo ilishabadilika, kwenye sehemu zilizokauka magugu yakaingia, yale majani mafupi yakazidiwa. Pamoja na hayo sprinkla zilifanya kazi, vyura waliokuwa wamepungua wakaanza kurudi, na kufikia Juni 2003 walikadiriwa kufika kama 20,000. Watu wakapumua.

Halafu ndani ya wiki chache wakaanguka. Januari 2004 walioonekana ni watatu tu. Mwaka 2005 ndo mara ya mwisho kuonekana hata mmoja, na 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linaloorodhesha viumbe walio hatarini, ikamtangaza ametoweka porini.

Nini kilitokea? Hapa wadau wanabishana mpaka leo na mimi nitasema ninavyoona. Mtuhumiwa wa kwanza ni fangasi anayeitwa kitridi, huyu ameua vyura mabara karibu yote, anashambulia ngozi, na chura ngozi ndo anayonywea maji na kupitishia chumvi za mwili, ngozi ikiharibika moyo unasimama. Fangasi huyo alikutwa kwenye vyura waliokufa Kihansi. Mtuhumiwa wa pili ni tope la bwawani, kipindi hichohicho lango la chini lilifunguliwa kusafisha tope, na tope lile lilikuwa limebeba mabaki ya dawa za kuulia wadudu zinazotoka kwenye mashamba ya juu ya mto. Wa tatu ni sprinkla zenyewe, ambazo nazo kipindi hicho zilisimama kwa muda. Vitu vitatu ndani ya muda mmoja, ndo mana mtu wa umeme anaweza kusema ni fangasi sio sisi na mtu wa mazingira akasema ni tope sio fangasi.

Mimi naona fangasi ndo aliyeua, spidi ile ya vifo ndo spidi yake. Ila swali la nani kaua halitoshi, lazima uulize pia nani alimwacha bila kinga. Chura aliyekaa kwenye manyunyu ya asili miaka yote, ghafla anaishi kwa mabomba, kwenye vipande vilivyopungua, amebanana na wenzie, maji yakisimama siku mbili hana pa kwenda kwa sababu nje ya hekta zile hakuna nyumbani kwingine. Ugonjwa ukiingia kwenye hali hiyo unamaliza. Na tukumbuke korongoni walikuwa wanaingia watu wengi kwa ajili ya uokoaji wenyewe, mafundi, watafiti, wakaguzi, wenye mabuti na vifaa vilivyotoka kwingine, na fangasi huyu anasafiri kwenye tope la kiatu vizuri tu. Simlaumu mtu yeyote kwa hilo, walikuwa wanaokoa, ila tangu hapo kuosha viatu kwa dawa kabla ya kuingia limekuwa jambo la lazima na ndivyo inavyotakiwa kwenye msitu wowote wenye vyura adimu.

Kwa hiyo kuanzia 2005 chura huyu aliishi Marekani tu, na huko nako ilibaki kidogo wapotee wote. Wale 499 walikufa kwa wingi miaka ya mwanzo, minyoo ya mapafu, chakula kisichokamilika, taa zisizo na mwanga unaofaa kutengeneza vitamini D mwilini. Kufikia 2004 walibaki chini ya 100, kwenye zoo mbili, Bronx na Toledo iliyoko Ohio. Yaani aina nzima ya kiumbe imebaki kwenye matanki ya kioo nje ya bara lake. Waliowaokoa hawakugundua kitu kikubwa siku moja. Walibadilisha taa. Waliongeza aina za wadudu wa kulisha. Walirekebisha muda wa manyunyu, wakachuja maji, wakatenganisha matanki, wakaandika kila kifo na sababu yake, na kidogo kidogo idadi ikapanda mpaka maelfu.

Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Tanzania, wakaletwa Mlimani. Kwangu mimi hiyo ndo hatua kubwa kuliko zote, kubwa kuliko hata kuwaachia porini, kwa sababu kabla ya hapo ujuzi wote wa kumlea ulikuwa mikononi mwa watu wengine. Sasa vijana wetu ndo wanaofuga nzi wadogo wa matunda na nyenje wa kuwalisha, ndo wanaobadilisha viatu mlangoni, wanaosafisha maji mpaka yasibaki na kitu. Na Dar ni mji wa joto, chura wa korongo la milimani hawezi kuishi kwenye joto la Februari la hapa, kwa hiyo chumba lazima kipozwe na manyunyu yatoke kwa mashine muda wote, usiku, sikukuu, likizo. Kila saa ya uhai wake Mlimani inatumia umeme. Anaishi kwa kitu kilekile alichohamishiwa maji yake, na nikifikiria hilo naona deni letu liko wazi kabisa.

Mjomba wangu, mstaafu, mtu aliyewahi kuuza duka zima la vitu vya baridi kwa hasara kwa ajili ya mgao, tulibishana naye sana juu ya hili. Akaniambia, "Sasa mjomba, watu hawana dawa hospitali, nyie mnamwekea chura AC?" Nikamwambia mjomba naheshimu unachosema, na mtu aliyeishi mgao ana haki ya kukisema. Ila huyu chura hakuomba AC. Alikuwa na ya kwake ya bure inayotoka mwambani, sisi tukaichukua tukawasha friji zetu, tena kwa faida ya kweli, basi sehemu ndogo ya faida hiyo imrudie. Hii sio sadaka wala anasa, ni gharama ya mradi iliyosahaulika kuandikwa kwenye hesabu. Alinyamaza kidogo akasema, "Basi wangeiandika tangu mwanzo." Mjomba kwa sentensi hiyo alimaliza mjadala wote.

Mwishoni mwa 2012 vyura kama 2,000 walirudishwa korongoni Kihansi, na ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa chura aliyetangazwa ametoweka porini kurudishwa kwao. Kabla ya hapo walijaribiwa kwanza na udongo na mimea kutoka korongoni kuona kama ugonjwa utawapata. Na baada ya hapo awamu nyingine zikaendelea. Lakini kwenye orodha ya IUCN bado anahesabika ametoweka porini, kwa sababu kuachiwa na kujitegemea ni vitu viwili tofauti, mpaka wazaliane hukohuko, vizazi na vizazi, bila kuongezewa wengine kutoka kwenye matanki.

Na hapa ndo nataka watu waelewe ugumu ulipo, mana magazeti yalishangilia siku ya kuachia halafu yakaondoka. Fangasi akishaingia korongoni hauwezi kumfagia. Sprinkla zile zitahitajika maisha yote ya mtambo, kwa hiyo mabomba, mafundi na bajeti ya vipuri navyo ni vya maisha yote ya mtambo, haviwezi kuwa mradi wa miaka mitano unaoisha mfadhili akiondoka. Mradi wa usimamizi wa mazingira wa Kihansi uliokuwa chini ya NEMC ulikuwa na fedha za wafadhili, na fedha za wafadhili zina tarehe ya mwisho. Kwa maoni yangu pesa ya sprinkla na ya kile chumba cha Mlimani ilitakiwa itoke moja kwa moja kwenye mauzo ya umeme wa Kihansi, kiasi kilichoandikwa kisheria, asiombwe mtu kila mwaka.

Halafu kuna watu wa juu ya mto, ambao kwenye kisa hiki wanatajwa mwisho wakati wao ndo mwanzo. Kule Mufindi na Kilolo wakulima wanalima vinyungu, yale mashamba ya mabondeni kwenye unyevu, kiangazi ndo yanawalisha na kuwalipia ada za watoto. Bonde likilimwa mpaka kwenye chemchemi maji yanapungua, dawa ikipulizwa inashuka, udongo ukimomonyoka unajaza bwawa, tope likifunguliwa linaenda korongoni. Ukimwambia yule mkulima aache kinyungu kwa ajili ya chura ambaye hajawahi kumuona na umeme ambao kwa miaka mingi ulipita juu ya kijiji chake kwenda mjini, atakuangalia tu. Lazima naye awemo kwenye hesabu, apate njia ya kulima isiyogusa chemchemi, apate dawa zisizodumu kwenye udongo na mtu wa kumfundisha kuzitumia, apate na umeme wenyewe. Msitu wa juu ukisimama, mtambo unapata maji, korongo linapata maji, na ugomvi wa nani apewe lita ngapi unapungua wenyewe.

Sheria ya maji ya 2009 inatambua kwamba mto wenyewe na viumbe vyake wana fungu lao la maji kabla ya kugawia watumiaji wengine. Ni sheria nzuri na ningependa kila mtu anayehudhuria mkutano wa tathmini ya mradi wowote wa maji aulize mambo matatu: kipande cha mto kitakachorukwa ni kipi, nani amekitembea kwa miguu kiangazi na masika, na fungu la maji ya kipande hicho litapimwa na nani kila siku baada ya wafadhili kuondoka. Kilombero ndo inayoleta sehemu kubwa ya maji ya Rufiji, na Rufiji sasa ina Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115, kwa hiyo mashinikizo ya kila tone kwenye bonde lile yameongezeka, hayajapungua. Na huenda Udzungwa bado ina makorongo ambayo hakuna mtafiti aliyeyashuka.